Magdalena wa Titian: anatubu au anatazamwa?

Katika jumba la Pitti mjini Florence ipo picha ya Maria Magdalena aliyoichora Titian wa Venice katika miaka ya 1530. Macho ameyainua mbinguni, machozi yamemlenga. Nywele ndefu za rangi ya dhahabu anazikumbatia mwilini kwa mikono miwili, lakini matiti yamebaki nje. Chini pembeni ipo chupa ya marhamu, na juu yake mchoraji ametia jina lake.

Wapo wanaoshutumu kwamba uchi huu ni wa kutamanisha tu. Wanaoitetea picha wanakumbusha masimulizi ya kale: mtakatifu huyu aliishi jangwani miaka 30, akabaki hana vazi ila nywele zake. Kwa hiyo uchi wake ni kuyakana mapambo ya dunia. Hoja ina uzito, ila haielezi mashavu yaliyonawiri vile. Miaka ipatayo 80 kabla, mchongaji Donatello wa Florence alimchonga Magdalena huyohuyo kwa mbao, amekonda, mifupa imemtoka. Huyo ukimwona huna shaka kwamba alifunga.

Watetezi humleta pia Vasari, mwandishi wa zama hizo wa maisha ya wasanii wa Italia, aliyeandika kwamba Magdalena wa Titian, japo ni mzuri mno, haamshi tamaa bali huruma. Tatizo ni kwamba Vasari alikuwa akiisifu picha nyingine, ya miaka ya 1560, iliyokusudiwa kwa mfalme Filipo wa Hispania. Katika miaka hiyohiyo Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, uliagiza, mwaka 1563, kwamba picha takatifu zisiwe na uzuri wa kuchochea ashiki. Katika Magdalena wa miaka hiyo aliyeko katika makumbusho ya Hermitage, Saint Petersburg, mwili umesitiriwa, na kitabu kimewekwa juu ya fuvu. Machozi hayakupungua nguvu hata kidogo. Basi uchi ule wa kwanza ulikuwa wa nini, kama si kwa macho ya matajiri walioagiza?

Kuna jambo linaloniudhi zaidi, nalo halikuanza na Titian. Kuhusu maisha yake ya awali, Injili ya Luka inasema tu kwamba Magdalena alitokwa na pepo saba. Mwanamke mwenye dhambi aliyempaka Yesu marhamu hakutajwa jina. Ni Papa Gregori Mkuu, katika mahubiri ya mwaka 591, aliyewafanya kuwa mtu mmoja. Bila mahubiri hayo wachoraji wasingekuwa na kahaba wa kumliza, na Magdalena angechorwa zaidi pale Injili inapomweka: kaburini alfajiri, shahidi wa kwanza wa ufufuko.