Wenzetu hubadili mdundo, sisi hubadili maneno: nyimbo za filamu za watoto, Texas na pwani

Anayetoka pwani yetu akahamia Texas hukutana na jambo asilolizoea: bendi ya dansi, ya wapigaji waliokubuhu, inapiga wimbo wa filamu ya katuni kwa uzito uleule inaoupa wimbo wa mapenzi, na watoto wamo ukumbini wanacheza na babu zao. Mtindo wenyewe ni westani swingi. Ulikomaa Fort Worth miaka ya 1930 kwa mikono ya Milton Brown na Bob Wills: fidla za mashambani, gita la stili linalopigwa likiwa limelazwa, na kodi (noti zinazopigwa pamoja) za jazi. Mwaka 2011 bunge la jimbo liliutangaza kuwa muziki rasmi wa Texas.

Nasi Mombasa tulizichukua nyimbo za filamu, tena kwa ustadi mkubwa. Marehemu Juma Bhalo alizivisha tuni za filamu za Kihindi mashairi ya Kiswahili, tabla na tashkota (kinanda cha nyuzi chenye vitufe) zikijibizana. Ila sisi tulishika tuni tukabadili maneno, na maneno yakawa ya watu wazima: mapenzi, mafumbo, vijembe. Huku wao hushika tuni na maneno, wakabadili mdundo. Naona watoto wetu tumewapunja. Wimbo wa mtoto tunaurekodi kwa kinanda kimoja chenye mdundo wa kubonyeza, hali ya kuwa wapigaji fidla tunao.

Nyimbo za filamu za zamani zinaukubali mtindo huu kwa sababu ni za rika moja nao. Snow White ilitoka 1937, The Wizard of Oz 1939, Pinocchio 1940. Bob Wills alirekodi San Antonio Rose mara ya kwanza 1938. Harold Arlen, aliyetunga tuni za Oz, alilelewa na jazi, kwa hiyo kodi zinazotakiwa tayari zimo ndani ya wimbo. Over the Rainbow, wimbo wa Oz, ina vipimo 32, kila kimoja cha mapigo manne: sehemu ya kwanza mara mbili, ya kati, kisha ya kwanza tena. Ukiupiga kwa mapigo 160 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua sekunde 48. Mizunguko mitatu, pamoja na vipimo vinne vya kufungulia na vinne vya kufungia, ni dakika mbili na sekunde 36. Mtoto hachoki.

Kazi huanzia kwa besi na ridhimu. Besi inapiga pigo la 1 na la 3. Gita la ridhimu na brashi za dramu zinakata la 2 na la 4. Mpiga ridhimu hatumii nyuzi zote sita. Kwa kodi ya G6 anabana uzi wa sita freti (waya wa shingoni mwa gita) ya 3, wa nne freti ya 2, wa tatu freti ya 4, nyingine anazizima. Kwa D7 ni uzi wa tano freti ya 5, wa nne ya 4, wa tatu ya 5. Akishapiga tu analegeza vidole ili sauti ikatike. Akiiacha ivume, besi inamezwa na wachezaji wanapoteza hatua.

Vijana wetu waliolelewa na rumba hukwama hapa: wanaligawa pigo nusu kwa nusu, na wimbo unasikika kama unakimbizwa. Swingi huligawa pigo mafungu matatu, ukapiga la kwanza na la tatu. Anayejua chakacha anayo mafungu hayo matatu mkononi tangu utoto. Mwambie apige chakacha, kisha aliache fungu la katikati. Ataingia papo hapo.

Gita la stili hufungwa C6: kutoka uzi mnene kwenda mwembamba ni C, E, G, A, C, E. Chuma cha kutelezesha juu ya nyuzi kikilazwa freti ya 7 unapata G6, freti ya 2 unapata D6. Kikae juu kabisa ya waya wa freti. Kikirudi nyuma yake, mahali vidole vilipozoea kubana, sauti inashuka na fidla zote zinaonekana mbovu.

Fidla ya pili hufuata juu ya ya kwanza kwa umbali wa sauti ya tatu, kama G na B. Hatari iko kwenye kodi za kupitia, zile zinazounganisha kodi kuu. Katika kii (ngazi ya noti inayobeba wimbo) ya G, kodi ikifika E7, noti ya G lazima ipandishwe iwe G#. Mpigaji akifuata ngazi ya G bila kuangalia kodi, inakwaruza masikio, na hakuna kipaza sauti cha kulificha hilo.

Kuhusu sauti za watoto: Over the Rainbow huanza kwa kuruka oktava (noti nane) nzima, na katika kii ya C inashuka hadi A chini ya C ya katikati. Usimbebeshe mtoto hayo. Mkubwa aimbe sehemu ya kwanza, watoto waingie pamoja sehemu ya kati, ambayo huanza kwa kubembea kati ya noti mbili tu. Ule wimbo wa Snow White wa kumngoja mwana wa mfalme ni walzi, mdundo wa mapigo matatu. Uache hivyo, kumbi za Texas hucheza walzi pia. Anayetaka swingi airefushe noti ya kwanza ya kila kipimo iwe mapigo mawili, matatu yawe manne.

Sheria ya Marekani nayo imewasukuma huku. Ukilipa leseni ya lazima, ambayo mwenye wimbo hawezi kuikataa, unaruhusiwa kurekodi wimbo uliokwishatolewa na kuupanga kwa mtindo wako, mradi usiharibu tuni. Kwa wimbo usiozidi dakika tano ada ilikuwa senti 12 kwa nakala mwaka 2023. Kutafsiri maneno ni jambo jingine: lazima mwenye wimbo akubali. Video nayo ina ruhusa yake. Nyimbo za Oz zinabaki na mwenyewe hadi mwisho wa 2034, kwa hiyo anayeota toleo la Kiswahili aandike barua kwanza, studio baadaye.

Ndiyo maana ningewashauri walioko nyumbani waanze na Ukuti Ukuti na nyimbo nyingine za michezo, zisizo na mtunzi anayejulikana. Fidla mbili, besi, ngoma ya chakacha, tashkota. Watafute kii kwa kuwasikiliza watoto kwanza, ndipo wafunge nyuzi za mvumo za tashkota, zile zinazolia noti ileile mfululizo, kwa kii hiyo. Wakibadilisha kii bila kuzifunga upya, mvumo utapingana na fidla wimbo mzima.