Unasomea Mtihani Gani, Mzee?

Mtu mzima akionekana Kondele, mtaa wetu hapa Kisumu, saa nne asubuhi na chupa ya pombe mfukoni, hakuna anayeshtuka. Watamsalimia, watampisha njia, na mmoja atamuuliza kama imebaki kidogo. Sasa mtu mzima huyo huyo aonekane na riwaya! Mtaa wote unaingiwa na wasiwasi. "Jaduong', unarudia fomu foo?" "Omera, kwani serikali imetangaza kazi?" Yule mama anayeuza omena mkabala na duka letu aliniita kando kwa upole kabisa, akaniuliza kama nyumbani kuna amani.

Mimi nauza hadiwea. Misumari, mabati, simiti, rangi, bawaba, mifereji ya maji. Duka si langu, ni la mdosi, ambaye huja jioni kuhesabu pesa na kunikagua mimi nilivyokaa. Kati ya mteja na mteja kuna nafasi, na nafasi hiyo wenzangu wa maduka ya jirani huijaza kwa simu: mwingine anabeti mechi za Ufini, timu ambazo hata wazazi wa wachezaji hawaendi kuzitazama. Huyo haulizwi kitu. Mimi nikifungua kitabu naulizwa mtihani ni lini.

Vitabu vyenyewe ni vya mitumba. Vipya vina bei ambayo nikimtajia mke wangu itabidi nilale dukani. Kwa hiyo Jumapili nashuka soko la Kibuye, kuna kijana hutandaza vitabu juu ya gunia, kati ya viatu vya mguu mmoja mmoja na chaja za simu zilizokwisha kuzikwa. Vingi ni vile vilivyowahi kutahiniwa. Kenya hii, riwaya ya Kiswahili isipotahiniwa ni nani ataiona? Na ikishatahiniwa, siku wakubwa wakibadilisha orodha, mzigo wote unamwagwa sokoni kwa bei ya muwa. Hapo ndipo ninaponawiri.

Shida moja tu: kila kitabu kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na biki.

Chukua hii Utengano yangu, ya Said Ahmed Mohamed, mtu wa Pemba. Riwaya ya 1980. Nakala yangu imepitia mikono ya mwanafunzi mmoja wa biki nyekundu ambaye nikikutana naye njiani tutazungumza. Ukurasa wa mwanzo mwanzo, Bwana Maksuudi ndiyo kwanza anajitokeza, sijamjua vizuri, nataka nimwangalie polepole kama unavyomwangalia mtu anayekuja kuposa. Pembeni: "MNAFIKI. KATILI. MBINAFSI." Imepigiwa mstari mara mbili. Jamani, niacheni nimchukie mwenyewe! Nimelipa pesa zangu ili nimchukie hatua kwa hatua, wewe umenimalizia kazi kabla sijakaa vizuri kitini.

Halafu Maimuna. Binti amefungiwa ndani ya nyumba ya baba yake, Maksuudi huyo huyo, jua analiona dirishani, dunia anaisikia kwa ukuta. Mimi nimeshika roho mkononi: atatoka? Atakaa humo mpaka azeeke? Biki nyekundu: "atatoroka!!" Na alama mbili za mshangao, furaha aliyokuwa nayo! Nikafika pale Bi Tamima, mamake Maimuna, anaposhikwa na uchungu wa kuzaa ndani ya nyumba ile ile ya makufuli. Koo likanikaba. Mteja alikuja kuulizia gundi ya mifereji nikamjibu kwa kichwa tu, sauti haitoki. Natazama pembeni ya ukurasa, imeandikwa: "al. 4".

Alama nne. Mimi nalia hapa, kumbe kilio changu kina alama nne, na pengine ningekosa moja kwa kutotoa mfano.

Mwanangu mwenyewe ndiyo mfano mzuri wa hali hii. Yuko fomu foo, kitabu chake cha kutahiniwa ni Nguu za Jadi cha Clara Momanyi. Nikakiona mezani, mate yakanitoka. Kitabu kipya, safi, hakina biki! Nikamwambia, mwanangu, ukimaliza niazime. Akanitazama kwa huruma. "Baba, si kuna mwongozo?" Akanitolea kijitabu chembamba: muhtasari, wahusika, maudhui, maswali na majibu. "Ukisoma hiki, kile si lazima." Nikamuuliza, haya, kile kinahusu nini? Akanishushia maudhui bila kupumua: ukabila, ufisadi, ulevi, nafasi ya mwanamke. Nikasema hapana, nataka kujua inakuwaje. Nani anafanya nini, halafu? Akajibu, "Hiyo haiulizwi."

Haiulizwi! Clara Momanyi ameketi akakesha, amepanga watu wakapangika, na la muhimu kuliko yote haliulizwi.

Lakini hata nikipata kitabu kisicho na biki, bado kuna wateja. Nina Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi ya Bwana Msa, yule mpelelezi wa Unguja wa Mohamed Said Abdulla asiyeachana na kiko chake. Kilichapishwa 1960 na bado kinakwenda mbio kuliko bodaboda za hapa. Bwana Ali ameuawa, wewe unamshuku huyu, mara unamshuku yule, Bwana Msa anavuta kiko ametulia tu. Mwishoni sasa anaanza kupanga mambo, yaani jina liko kwenye ulimi, na mbele yangu kivuli kikasimama.

"Misumari ya inchi nne iko?"

Iko. "Robo ni ngapi?" Nikamwambia. "Na ya inchi tatu?" Nayo nikamwambia. "Ile ya mabati je?" Huyu mtu anajenga nini, nyumba au mashaka? Nikampimia robo, nikarudi kwa Bwana Msa. "Buda, hebu niangalizie mabati ya geji 30, rangi ya maruni." Nikaenda stoo, nikarudi, nikamwambia yako. "Sawa, nitakuja mwezi ujao, nilikuwa nauliza tu." Kisha akainama akachungulia jalada. "Hiyo nilisoma. Aliyemuua ni—" Nikapiga kelele mpaka mama wa omena akasimama.

Nyumbani nako hakukaliki. Nikisoma usiku, naambiwa tokeni za stima zinaishia kwenye vitabu. Stima zikipotea nikawasha tochi ya simu, naambiwa nitaua macho. Basi nikaona nimshirikishe mke wangu, labda akionja utamu atanielewa. Nikachagua The River and the Source ya Margaret Ogola, daktari wa watoto aliyeandika riwaya hiyo iliyotoka 1994, na sijui alikuwa akilala saa ngapi. Nilifikiri nimechagua kwa akili. Mke wangu ni Mluo wa Yimbo, na Akoko, yule mama shujaa wa kitabu, ni binti wa chifu wa huko huko Yimbo. Mimi Mmaragoli najipendekeza kwa wakwe hata kwa fasihi.

Nikamsimulia. Akaacha kuchambua mboga, akanisogelea. Mwanzo mzuri. Nikafika pale chifu wa Sakwa anapokuja kuposa na baba yake Akoko anadai mahari.

"Alitaka ngapi?"

"Ng'ombe 30."

Kimya. Halafu kwa sauti ya taratibu ambayo wanaume waliooa wanaijua: "Thelathini."

"Ni hadithi tu, mama."

"Baba Atieno, wewe ulileta ngapi?"

Mimi nilileta wanne na ahadi. Ahadi ile ilikuwa imelala salama miaka yote hii, hakuna aliyeiamsha, mpaka mimi mwenyewe nikaja na kitabu. Wiki hiyo hiyo mama mkwe akapiga simu kusalimia tu, akaniuliza kwa heshima kama huku kwetu Maragoli mwaka huu ng'ombe wanazaa. Sasa nikifungua riwaya yoyote, hata ya Zanzibar ambako watu wanakula pweza, mke wangu ananiuliza, "Hicho nacho kina ng'ombe?"

Nilichokipenda zaidi kwa Akoko sikupata hata nafasi ya kukisema. Mumewe na wanawe wanapoondoka duniani, shemeji yake Otieno anajitwalia uchifu na mali. Akoko haketi kulia. Anafunga safari ya maji mpaka huku Kisumu kumshtaki kwa mzungu wa serikali, na anasikilizwa! Mjane, enzi za ukoloni, hajui lugha ya mtu. Mimi nimezaliwa na uhuru, najua lugha tatu, na kuna ofisi moja katika mji huu huu, siitaji, nimefuata hati ya kiploti mpaka askari wa mlangoni ananijua kwa jina la utani. Faili iko mezani. Faili imepelekwa juu. Mwenye faili ameenda chai. Wakati mwingine nafikiri nikodi mtumbwi pale ufukwe wa Dunga niingie mjini kwa maji, pengine ndiyo njia inayofanya kazi.

Siku Njema ya Ken Walibora nimeirudia nayo. Kongowea, kijana wa kitabu hicho, anatoka Tanga, nchi nyingine kabisa, anapitia mengi mpaka anafika Kiminini kumtafuta baba ambaye hajawahi kumwona. Kiminini hapo, njia ya Kitale! Mimi nina shemeji anakaa Kiminini, ana elfu saba zangu tangu msimu wa kupanda, na barabara ni ya lami mpaka Kisumu. Hajaweza kufika. Kila mara gari halipatikani.

Rosa Mistika ya Kezilahabi sitaisemea sana. Ni ya 1971, ya Ukerewe, kisiwa cha ziwa hili hili letu, na Tanzania iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Kijana wa Kibuye alinipatia kwa kunong'ona, akaifunga kwenye gazeti, nikadhani ananiuzia bangi. Nakala ilikuwa safi, bila biki hata moja. Nilipofika pale Zakaria, baba mlevi, anapomtandika Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, nilikiweka kitabu chini nikaenda kupanga makopo ya rangi ambayo yalikuwa yamepangika tayari.

Ila kilichoniponza kuliko vyote ni Kusadikika. Wale wanaosema vitabu vya zamani havina kazi leo, waje wakae kwenye ploti yetu. Shaaban Robert alikitoa mwaka wa 1951, Tanganyika bado ya Mwingereza, akaiweka nchi yake angani ili asishikwe. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Anajitetea kwa kusimulia wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta mambo mema, na kila mmoja akirudi na faida mkononi, anatiwa ndani. Sita! Ukisoma wa nne unaanza kucheka, ukisoma wa tano unaacha.

Basi kukawa na mkutano wa wapangaji kuhusu bili ya maji. Maji yanatoka siku mbili kwa wiki, bili inatoka mwezi mzima. Mzee mmoja aliyeuliza risiti mwezi uliopita aliambiwa ana nyodo. Mama aliyependekeza kila nyumba iwe na mita yake aliambiwa ahame. Mimi, kichwa kikiwa bado kimejaa Karama, nikasimama nikasema, ndugu zangu, tumekwisha kuwafunga wajumbe wangapi? Nikawaeleza habari yote ya Kusadikika, kwa ufasaha, na mikono. Keateka, msimamizi wa ploti, akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Huyo Karama anakaa nyumba namba ngapi?" Jioni nikatazama simu: nimeondolewa kwenye kundi la ploti. Sasa siku ya maji siijui mpaka nisikie ndoo za majirani.

Yote hayo ningevumilia kama ningekuwa na mtu mmoja tu wa kumsimulia. Na nilimpata! Fundi wa plasta, mteja wetu wa simiti. Siku moja aliniona nimekodoa macho kwenye Utengano, akauliza, "Kuna nini humo?" Si mtihani gani, si kazi gani. Kuna nini humo! Nikamwanzia. Nikikatizwa na mteja, nikirudi namkuta amekaa juu ya mfuko wa simiti ananiambia, "Halafu?" Hakuna neno tamu kama hilo. Akawa anapita hata siku asiyo na kazi, ananunua msumari mmoja kwa adabu, anakaa. Mama wa omena naye akawa anasogeza kiti.

Mpaka tulipofika Maimuna anatoroka.

Fundi akasimama. "Sasa huyo mzee amekosa nini?"

Nikadhani anatania. Nikamwambia, bwana, amemfungia mtoto ndani! "Amemlinda. Mimi nina mabinti watatu, wewe unaijua Kondele usiku?" Nikamwambia Maksuudi ni mnafiki, amewanyanyasa wake zake. "Hayo ni ya kwake na wake zake. Msichana angekaa ndani, hayo yote yangempata wapi?" Nikaona nimwonyeshe ushahidi. Nikafungua ukurasa, nikaweka kidole kwenye biki nyekundu: tazama, hata hapa imeandikwa, mnafiki, katili, mbinafsi! Akainama akasoma. "Hii imeandikwa na nani?" Nikanyamaza. "Si ni mtoto wa shule huyu? Unanihukumia mzee wa watu kwa maneno ya mtoto wa shule?" Mama wa omena akasema mwenye makosa ni mamake, akawa ametuchanganyia wote.

Fundi hajarudi. Namwona akipita upande wa pili wa barabara, simiti ananunua kwa jirani. Na anadaiwa hapa mifuko mitatu.

Jana mdosi ameuliza mbona yule fundi hakanyagi tena. Nikasema tumetofautiana. Akauliza, juu ya bei? Nikasema hapana, juu ya Bwana Maksuudi. Mdosi akavaa miwani, akavuta daftari la madeni, akashuka na kidole ukurasa baada ya ukurasa, kisha akaniuliza huyo Maksuudi naye alichukua mifuko mingapi.