Kunde za Makaburini

Mjomba wangu hajui kusema "sijui." Ukimuuliza njia atakuelekeza, ukimuuliza dawa atakutajia, na ukimuuliza kaburi la babu wa babu yetu liko wapi, atanyoosha bakora kwenye kichaka chochote kilicho karibu.

Basi Shaabani ilipoingia, Shangazi akatangaza kwamba safari hii lazima tukazuru makaburi ya ukoo kabla ya mfungo. Kiongozi wa msafara alijulikana bila kura. Tukatoka Tanga mjini asubuhi, tukashika njia ya Pangani: Shangazi, Mjomba, Maalim wa kutusomea, mimi, na binamu wa Dar aliyeshindwa kusubiri Idi, kavaa kanzu mpya kabisa. Tulipopita Tongoni Mjomba akaanza historia. Huku Mtangata, akasema, ndiko merikebu ya Vasco da Gama ilikokwama mwaka 1498. Kwa hilo alisema kweli. Tukaacha barabara kuu, tukaingia njia ya shamba, na kabla hajamalizana na Wareno, Noah yetu nayo ikazama mchangani. Tukasukuma. Shangazi alituhimiza kutoka ndani, maana ameshika chupa ya marashi.

Makaburini kulikuwa pori. Mashahidi ya mawe yalichungulia kwenye majani, na juu ya kaburi ambalo Mjomba aliapa ndilo, chini ya mbuyu, umetambaa mmea wenye maganda yaliyokauka, vichala vichala, kila ganda lina manyoya ya rangi ya dhahabu laini kama mahameli.

"Mjomba, hizi nini?" binamu akauliza.

"Kunde pori. Fyeka."

Na kaskazi nayo ilikuwa inavuma, kama kawaida yake miezi ile. Binamu akashusha panga, vumbi la dhahabu likapanda, likatutua wanaume wote tuliosimama upande wa pili. Tukakaa kitako, Maalim akaanza Yasin. Sura ile ina aya 83. Hatukufika hata robo.

Ilianzia shingoni kwa binamu. Akajikuna kwa adabu, kidole kimoja. Kisha vitano. Kisha akainuka akaenda kujisugua mgongo kwenye mbuyu. Sauti ya Maalim ikapanda ghafla, nikadhani kisomo kimemkolea, kumbe msahafu uko mkono wa kulia na mkono wa kushoto umezama ndani ya kanzu mpaka kwenye kiwiko. Shangazi, aliyekaa mbali kwenye jamvi, alituona tunavyotikisika akadhani tumeshikwa na uchungu wa marehemu. Akaangua kilio. Analia babu ambaye hata mama yake hakuwahi kumwona.

"Upepo tu huo, tulieni," Mjomba akasema. Halafu akatupa bakora, akaanza kuvua shati.

"Upupu!" akapiga ukelele, kana kwamba ni sisi tuliombishia.

Shangazi akakatiza kilio palepale. "Msijikune, mtausambaza! Maji msiguse! Majivu!"

Tukatimua mbio hadi nyumba ya jirani. Bibi mwenye nyumba akatutazama. Tukamwamkia huku tunaruka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Nani kawatuma kwenye upupu?" Hakungoja jibu, akachota majivu kwenye mafiga. Tukajipaka uso, shingo, kifua, mpaka masikioni. Mimi nikataka twende zetu mjini, lakini Shangazi akasema Yasin haiachwi njiani.

Ndivyo tulivyorudi kaburini, wanaume wanne weupe pe, mikono juu, tunaitikia "Amin," alipotokea kijana wa bodaboda na tenga lake la samaki. Akafunga breki. Binamu, mtoto wa mjini, akaona si ungwana kumnyamazia. Akainuka kutoka nyuma ya shahidi, akampungia.

"Vipi, kaka!"

Yule kijana aliiacha pikipiki inanguruma, akakata mbuga.

Jioni, kwenye baraza la kahawa, habari ilishafika imenona: mzee kaamka na wanawe. Mjomba hakukanusha, aliongezea. Pikipiki ilifuatwa kesho yake, jua la utosi, na watu sita.

Ila nazi za shamba letu, zilizokuwa zikiibiwa kila wiki, haziguswi tena. Shangazi kapiga marufuku ule upupu kufyekwa, na mwaka huu Yasin tutaisomea ndani ya gari, vioo vimefungwa.