Pima geti kabla ya kuulizia nguvu

Fundi wa bustani za majumbani akifikia hatua ya kununua kipakiaji chake cha kwanza, yaani mashine yenye ndoo mbele ya kuzoa na kubeba udongo, ushauri anaopewa ni uleule: chukua kikubwa kadiri mfuko unavyoruhusu, kidogo utakijutia. Wanaosema hivyo wana sababu zao. Ila kwa kazi ya uani kwa watu naona ushauri huo umepoteza wengi, hasa pale vipakiaji vidogo vya cheni (vinavyotembea kwa mikanda mipana ya mpira badala ya matairi), vile ambavyo opereta husimama nyuma yake, vinapobezwa kuwa ni vya kuchezea.

Tukipe kikubwa haki yake kwanza. Mita moja ya ujazo ya udongo wenye unyevu hukaribia tani 1.6. Kipakiaji cha kukalia kikibeba kilo 700 kila safari, rundo la mita kumi za ujazo humalizika kwa safari 23 hivi. Kidogo kinachobeba kilo 240 kitakwenda safari 67. Kikubwa hunyanyua pia paleti zima la matofali ya kutandika na kulifikisha juu ya bodi la lori, jambo ambalo kidogo hakiliwezi. Kwenye kiwanja kipya, nyumba haijaisha na ukuta haujajengwa, sina ubishi: leta kubwa.

Lakini hesabu hiyo inachukulia kwamba mashine imeshaingia. Bustani nyingi za watu ziko nyuma ya nyumba, na njia ya kufikia huko ni kijigeti cha pembeni chenye upana wa sentimita 90 au mita moja, ukuta upande huu na bomba la maji upande ule. Vipakiaji vya kukalia vilivyo vingi vina upana wa mita moja na nusu au zaidi. Kidogo cha kusimamia hupatikana kikiwa na sentimita 90 au pungufu. Sasa rudi kwenye lile rundo la mita kumi. Mashine kubwa italimwaga mbele ya geti, na kuanzia hapo ni toroli. Toroli moja ikichukua kilo 110, hizo ni safari kama 145 za mtu anayesukuma kwa mikono, na kurudi tupu mara 145 vilevile. Zile safari 67 zilizoonekana nyingi zinageuka kuwa nafuu kubwa. Ninachosikitikia ni kwamba mgongo unaoumia hapo si wa aliyechagua mashine.

Tusisahau pia mashine hizi zilitokana na nini. Mwaka 1957, huko Minnesota, Marekani, ndugu wawili, Cyril na Louis Keller, walimuundia mfugaji wa batamzinga kipakiaji cha magurudumu matatu cha kuzolea samadi, kwa sababu trekta lilikuwa kubwa mno kwa banda lake. Wazo lenyewe lilikuwa kuingia pasipoingilika.

Jambo la pili ni nyasi. Kipakiaji cha magurudumu manne hakikati kona kama gari. Magurudumu ya upande mmoja huenda kasi kuliko ya upande wa pili, mashine ikajikokota kwa kuteleza. Kwenye zege haina neno. Kwenye nyasi hai, kona moja inatosha: zulia linakunjamana chini ya tairi, mizizi myeupe inatokea juu, na opereta akinyoosha mashine kinabaki kidonda cha nusu duara ambacho mwenye nyumba atakiona kila akifungua dirisha.

Jibu la wengi ni kwamba basi nunua kikubwa cha cheni. Ni kweli kwamba cheni hutawanya uzito: tairi hukandamiza kama kilo 2 kwa sentimita ya mraba, cheni ya mpira hukaribia kilo 0.3, iwe mashine ni kubwa au ndogo. Hapo ndipo watu husimama, na mimi naomba twende hatua moja mbele. Mgandamizo wa tabaka la juu hutegemea shinikizo hilo, ila unavyoshuka kwenda chini huamuliwa zaidi na uzito mzima. Mashine ya tani nne na ya tani moja zinaweza kuacha alama inayofanana juu, huku chini udongo umepata mambo tofauti kabisa. Tena wastani ule hupimwa mashine ikiwa imetulia. Ukijaza ndoo, uzito unahamia mbele na ncha ya cheni inabeba sehemu kubwa. Isitoshe, udongo mbichi hushindiliwa zaidi kwenye mpito wa kwanza kuliko mipito yote inayofuata, kwa hiyo kusema "nitapita mara chache" hakuokoi sana. Miezi baadaye maji yanatuama, mche unadumaa, na anayelaumiwa ni muuza miche.

Cheni zina gharama yake, hilo nalikubali. Huisha, hasa zikizungushwa juu ya lami na kokoto kali, na seti mpya si kitu cha kununua bila kujipanga. Anayefanya kazi nyingi juu ya sakafu ngumu akichagua matairi hajakosea.

Unapolinganisha vipeperushi, angalia pia namna uwezo ulivyokokotolewa. Mashine ya matairi huandikiwa nusu ya uzito unaoipindua, ya cheni asilimia 35 tu. Zote mbili zikipinduka kwa kilo 1,800, moja itaandikwa 900 na nyingine 630, na mnunuzi ataiona ya pili dhaifu.

Kwa hiyo, kwa anayeishi kwa kazi za uani, ningesema kidogo cha cheni kiwe cha kununua na kikubwa kiwe cha kukodi siku ya kiwanja wazi. Kabla ya kulipa, omba kijaribiwe kwenye nyasi na si kwenye sakafu ya muuzaji: jaza ndoo udongo uliolowa, kata kona mara mbili mahali pamoja, zima injini, kisha piga goti uangalie kilichobaki chini.