Acheni kuimpoti, linkini!

Jamani hili suala la kuimpoti DWG (faili la mchoro wa AutoCAD) ndani ya Revit, ile programu ya kuchorea majengo, yaani kuumezesha mchoro mzima ndani ya modeli, limenichosha. Jana nimepokea modeli ya nyumba ya ghorofa moja tu, kiwanja kiko Njiro, naifungua inasota weee, kuingia ndani nakuta mtu kaimpoti mchoro wa mpima ardhi mara tatu halafu mmoja kaubonyezea eksplodi ukavunjika kuwa mistari mojamoja, basi staili za mistari za ajabuajabu zimejaa mpaka ukitaka kuchagua mstari wa kawaida unashuka na mausi hadi kidole kinauma. Kuzifuta nimemaliza saa nne usiku.

Sasa ukilinki, yaani modeli ikausoma mchoro kutoka faili lake la nje bila kuumeza, unapungukiwa nini? Mpima akirekebisha bikoni, zile alama za mpaka, akatuma faili jipya unarilodi tu, mchoro unabadilika. Ukiimpoti umebaki na mpaka wa zamani humohumo ndani, na fundi anachimba msingi kwa mpaka huohuo, hapo ndo panaponiuma maana ni hela ya mtu aliyejinyima miaka.

Najua mtasema linki inapotea ukihamishia modeli kwenye flashi. Sawa, wekeni vyote folda moja, mtume folda nzima!