Pengwini kwenu anaitwaje?

Jumapili, kwenye bustani ya wanyama hapa Praha, Ucheki, mtoto wa jirani yangu kanivuta mkono: "Huyu kwenu mnamwitaje?" Nikajibu bila kufikiri: pengwini. Akanikazia macho. "Hilo la Waingereza. Lenu je?"

Nikakosa la kusema. Kwa Kicheki chao yule ni tučňák, maana yake mnono tu, basi. Kangaruu ni klokan. Yote mawili aliyatunga msomi wao Jan Svatopluk Presl (1791–1849), enzi ambazo wataalamu wa hapa waliandika sayansi kwa Kijerumani na Kilatini. Hakuishia kwa wanyama: oksijeni akaiita kyslík, kutokana na neno la uchachu. Mengine aliyobuni yalikufa, hayakupata mtumiaji. Haya yaliyobaki yanasemwa na watoto wa chekechea, na hakuna anayejiona mshamba kuyatamka.

Sisi? Mtu aseme tarakilishi badala ya kompyuta, ukumbi mzima kicheko. Kishikwambi, yaani tableti, ndiyo kabisa.

Najua mtakachosema. "Huyo kakaa Ulaya miaka sita, sasa anatufundisha Kiswahili." Simfundishi mtu. Na hawa wenyewe si malaika. Mababu wa Waslavi, kundi la hawa Wacheki, walimwogopa dubu hata kumtaja, wakamwita mla asali, ndiyo medvěd ya leo, mpaka jina lake la zamani likapotea kabisa. Niliposikia hivyo nilicheka peke yangu kwenye tramu: bibi yangu kule Pangani, usiku nyoka kwake haitwi nyoka, anaitwa kamba. Na ngamia wao, velbloud? Jina hilo lilipitia kwa Wagothi, watu wa kale wa Ulaya, na asili yake ni neno la Kigiriki la tembo. Tembo! Sisi angalau aliyesema punda milia alikuwa amemwona mnyama mwenyewe.

Mwingine atadakia: kukopa si aibu, hata farasi na dubu tumewatoa kwa Waarabu. Nani amekataa? Kopeni mpaka mchoke. Kinachonikera ni kile kicheko, mtu anacheka neno la Kiswahili kwa kuwa tu ni la Kiswahili, halafu jioni anaandika mtandaoni kwamba lugha yetu ni tajiri.

Juzi nimekutana na yule mtoto kwenye ngazi. Nikamwambia: kwetu anaitwa ndege mnono. Akaridhika, akaenda zake.

Haya, nitukaneni.