Bafu la zamani, tindo na mfuko mdogo

Mwenye nyumba akisema atalikarabati mwenyewe bafu lake la miaka ya 1980, jibu la mtaani huwa moja: mafundi wamejaa, unajitesa kwa nini? Hoja hiyo ina uzito kuliko wapenzi wa video za ukarabati wanavyotaka kukubali. Nyingi ya video hizo zinatoka Ulaya na Marekani, ambako ujira wa fundi ndio unaotisha. Dar es Salaam hesabu imepinduka. Hata sasa ambapo marumaru zinatengenezwa Mkuranga na Chalinze, vifaa ndivyo vinavyokula fedha, na mkono wa fundi unachukua fungu dogo. Anayechafuka mwenyewe ili aokoe fungu hilo hajaokoa kikubwa.

Mjadala huishia hapo, na ndipo ninapoona unakosea. Nafuu ya kujifanyia kazi haitokani sana na ujira, inatokana na vile ambavyo hutavibomoa.

Chukua bafu la kawaida la nyumba za Sinza au Kijitonyama, zile za viwanja vya mradi wa miaka ya 1970. Tuseme lina mita 1.5 kwa 2.4, na marumaru zimepanda ukutani hadi mita 2. Sakafu ni mita za mraba 3.6, kuta, ukitoa mlango, ni kama 14. Sasa piga tindo. Sakafuni unatoa marumaru pamoja na zege jembamba lililo chini yake, unene wa sentimita 4 hivi. Ukutani ni sentimita 2 na nusu. Mita ya ujazo ya kifusi cha namna hiyo, kabla hakijavunjwa, ina uzito wa takriban tani 2. Jumlisha: sakafu inatoa karibu kilo 290, kuta karibu kilo 700. Ni tani nzima kutoka kwenye chumba ambacho watu wawili hawapishani.

Tani hiyo lazima ibebwe hadi barabarani, na gari la kuiondoa lilipwe. Kisha inakuja gharama ya kuziba pengo lake: mifuko mitatu hivi ya saruji, mchanga nusu tani na ushei, maboksi ya marumaru yenye ziada ya asilimia 10 kwa ajili ya zitakazokatwa na kuvunjika. Mpaka hapo hujanunua hata koki moja. Bajeti ndogo ikifia njiani, mara nyingi imefia hapa, na mwenye nyumba anabaki na kuta zilizochunwa akisubiri mwisho wa mwezi.

Fundi anayeanza makadirio yake kwa kubomoa si lazima awe mwizi. Analipwa kwa mita ya mraba, na hawezi kudhamini kazi ya mtu mwingine aliyoikuta chini ya marumaru. Akibandika kitu kipya juu ya kilichooza, lawama ni yake. Kwake yeye, kubomoa ni kujikinga. Lakini wewe unayeishi humo una ushahidi asiokuwa nao: unajua maji yanakimbilia wapi, ukuta upi wa chumba cha jirani hutoa unyevu, na kama sakafu imewahi kutuamisha maji. Sakafu ya bafu inahitaji mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji machafu. Iliyomwaga maji vizuri kwa miaka 30 inao, hata kama rangi yake inakuaibisha mbele ya wageni. Ziba tundu, jaza maji ya sentimita 2, weka alama ya penseli ukutani na uache siku nzima. Yakishuka kidogo mno, ni mvuke. Yakishuka sana, au dari ya chini ikilowa, basi kweli kuna la kubomoa.

Sakafu ikifaulu jaribio hilo, kazi iliyobaki karibu yote iko ndani ya uwezo wa mtu mvumilivu. Kwangua saruji nyeupe iliyogeuka nyeusi kwenye maungio, milimita 2 au 3, ujaze mpya. Toa silikoni yenye kuvu, acha pakauke kabisa, paka nyingine. Badilisha mpira na boya la tanki la choo. Kujua kama linavuja, tia rangi ya chakula kwenye tanki, usivute maji kwa nusu saa, kisha tazama bakuli. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde inaweza kupoteza takriban lita 20 kwa siku, na mara nyingi dawa yake ni wosha mpya tu, kile kipira cha ndani.

Na tafadhali, asidi ya kung'arisha vyoo iache dukani. Inaondoa ukoko wa maji ya kisima, ni kweli, lakini inakula pia saruji ya maungio, na hapo unakuwa umeyafungulia maji njia kwa mkono wako. Ikichanganyika na Jik hutoa gesi ya klorini, na bafu lenye kidirisha kimoja si mahali pa kuivuta.

Upande wa pili una mambo mawili ambayo siwezi kuyapunguza. La kwanza ni mabomba ya chuma yaliyozikwa ukutani. Yanashika kutu kwa ndani mpaka njia ya maji inabaki nyembamba, na hakuna silikoni wala rangi itakayorudisha presha. Ya plastiki yanayowekwa siku hizi, PPR, huunganishwa kwa joto la nyuzi 260 hivi, kwa mashine ambayo haina maana kuinunua kwa ajili ya bafu moja. La pili ni bomba la mvua la umeme. La wati 5,500 linavuta karibu ampea 24. Waya mwembamba wa taa utaungua, na mtu amesimama majini. Hiyo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hata kama mjomba wako anajua umeme.

Nyumba yenye bafu moja na watu saba nayo haina anasa ya kujifunza polepole. Kikosi cha mafundi kitamaliza kwa siku chache kazi utakayoivuta kwa wikendi nyingi.

Ila hata hapo sioni kwa nini uamuzi uwe ama mafundi kwa kila kitu ama wewe peke yako. Fundi bomba anaweza kuitwa kwa mabomba tu, apitishe mapya juu ya ukuta badala ya kuuchimba, yafichwe kwa kisanduku cha mbao kilichopakwa rangi ya mafuta. Baadhi watakataa, wakisema kazi ya vipande haiwalipi. Mlipe huyo anayekubali kima kizuri kuliko cha kawaida. Fedha zipo, maana hukukodi gari la kifusi.